Nyundo Mbili za Ithiani

Makongeni, Nairobi
Jumanne, 4 Machi 2025

Kwa Mwalimu Wavinya, dada wa pekee wa bingwa,

Niaje, dada. Barua yako Qorane, dereva wa lori la magogo, ameniletea karakana asubuhi hii pamoja na magogo ya mwarobaini, nayo inanuka lori kama yeye mwenyewe. Nimewasomea wachongaji wote kwa sauti, isipokuwa pale uliponiita kichwa maji. Hapo nimeparuka kwa kukuheshimu.

Kwa hivyo ng'ombe wa Maingi alikuwa anakula nyasi nyuma ya chekechea yako, ardhi ikafunguka ikammeza pamoja na kamba yake, na hadi leo hamjamtoa. Hilo sikulicheka. Nililisoma mara mbili. Watoto thelathini na mmoja huchezea hapo hapo. Na wazee wamekumbuka kwamba zamani za mkoloni watu walichimba hapo kijijini Ithiani kutafuta makaa ya mawe, wakayakosa, wakafunika shimo kwa magogo na udongo, wakaenda zao. Ila mdomo wa shimo uko wapi hakuna anayejua. Chifu amesema mhamishe darasa, nawe hujui uhamie wapi, ndiyo maana ukanikumbuka mimi. Umetaka nichungulie ramani za Babu kisirisiri, asijue, kwa sababu mara ya mwisho ulipomtajia mambo ya Ithiani presha ilimpanda tukalala hospitali.

Dada, umemuuliza mtu anayefaa. Nilikuwa na B ya Jiografia kabla shule haijanifukuza, ama niseme kabla sijaifukuza mimi. Leo Babu ameenda mkutano wa wastaafu wa reli, kwa hivyo nimefungua sanduku la bati bila wasiwasi. Wewe unamjua Babu Matheka wa reli. Mimi nimempata yule wa kabla ya reli. Iko picha yake akiwa kijana kama mimi, lakini si mtanashati kama mimi, ameshika mnyororo wa kupimia ardhi, nyuma yake mzungu amevaa kaptura. Ni yeye aliyekuwa anatembea mbele na kumwambia mzungu mto huu unaitwaje, kilima hiki kina nini.

Ramani yenyewe ni karatasi iliyobandikwa juu ya kitambaa, imekunjwa mara nane, chini imeandikwa 1959. Ile mistari ya kahawia si nyoka, dada, ni mwinuko. Ikikaribiana ujue utapumulia mdomo. Kijani ni msitu. Na pale juu ya Kilima cha Mumo, kwenye kijani chenyewe, kuna nyundo mbili zilizopishana. Nimeangalia maelezo pembeni. Nyundo mbili ni shimo la machimbo.

Umesikia? Shimo liko Kilima cha Mumo, pale unapopandaga kutafuta netiweki. Umekuwa ukinipigia simu ukiwa umesimama juu ya kaburi.

Sasa shika ushauri wa mtaalamu. Magharibi ya shule, kama mita mia nne, ramani inaonyesha mahali tambarare, hakuna mstari hata mmoja wa kahawia. Imeandikwa kwa Kizungu, kiwanda cha mbao, hakitumiki. Si ile sakafu ya zamani tuliyokuwa tunaendeshea matairi? Peleka watoto pale. Nimepazungushia duara la penseli, na nimekuchorea nakala nyuma ya karatasi hii kwa sababu simu yako ya tochi haiwezi kufungua picha. Kilima usimruhusu hata mbuzi.

Usinishukuru sana. Tuma asali.

Mwangangi, Mkuu wa Ramani, Eastlands yote

*

Ithiani
Jumapili, 9 Machi 2025

Mdogo wangu Mwangangi,

Sijambo, na watoto hawajambo. Nimepokea mchoro wako. Mto umeuchora kama utumbo wa kuku, lakini nimeuelewa.

Ijumaa wazazi walikuja na majembe, tukafyeka ile sakafu ya kiwanda, tukafunga turubai kwenye nguzo za zamani. Ni pazuri kuliko nilivyotarajia. Watoto wamefurahi kupata mahali pa simiti pasipo na vumbi. Usiku wa jana nililala bila kuota ule mguno wa ng'ombe, kwa mara ya kwanza tangu siku ile. Aliguna siku mbili kule chini, Mwangangi. Sikukuandikia hilo. Siku ya tatu alinyamaza, na ukimya ulikuwa mbaya zaidi.

Kilima cha Mumo tumekifunga kwa miiba, na nimewakataza watu wote kupanda. Kwa hivyo usishangae simu yangu isipopatikana. Hakuna mahali pengine penye netiweki. Ukiwa na neno, mpe Qorane.

Jambo moja limenikaa moyoni. Nilipomweleza Susu Nthoki, bibi mkongwe kuliko wote hapa kijijini, kwamba shimo liko kileleni, aliacha kuchambua pojo akanitazama. "Nani kasema?" Nikamwambia, ramani ya Matheka. Akacheka kidogo, kicheko cha mtu aliyekumbuka kitu cha ujanani, halafu akasema, "Basi kama Matheka amesema ni shimo, ni shimo." Akarudi kwenye pojo zake. Nilimsihi aseme zaidi, akaniuliza kama nimekula.

Babu bado usimwambie. Afadhali moyo wake utulie.

Dada yako,
Wavinya

*

Makongeni
Jumanne, 11 Machi 2025

Mwalimu wa simiti,

Niliwaambia wasee wa karakana kwamba kuna shule nzima huko kwetu ocha imehamishwa kwa amri yangu. Sasa wananiita Injinia. Wananiita kwa kejeli, lakini wananiita.

Nimeulizia pia juu ya kilima chetu. Fundi mmoja hapa anasema zamani huko kulikuwa na mihugu, ule mti mgumu wenye harufu tamu, na kwamba gogo moja la muhugu siku hizi ukilifikisha Nairobi watu wanapigana. Si ni ile miti ya kileleni? Lisingekuwa shimo ningekuja na msumeno. Natania, dada. Susu Nthoki angenitia upofu kwa laana.

Lakini kuna kitu kimetokea na sijakipenda. Jumapili nilirudi kutoka mpirani nikakuta Babu amekaa kitandani, ramani iko magotini. Nilikuwa nimeirudisha vizuri, nakuapia, lakini nilisahau kufuta duara la penseli. Alikuwa ameweka kidole juu ya duara. Si juu ya nyundo. Juu ya duara.

Akaniuliza, "Nani ameandika hapa?"

"Mimi, Babu. Nilikuwa nacheza."

"Kwa nini hapa?"

"Ni mahali tambarare tu. Napiga hesabu, siku moja nijenge hoteli."

Hakucheka, na unajua hoteli yangu huwa inamchekesha. Halafu akauliza taratibu, kama mtu anayeuliza habari za mgonjwa, "Pale kiwandani siku hizi kuna mtu anakaa?"

Nikakumbuka masharti yako. Nikasema, "Hakuna mtu, Babu. Ni mbuzi tu."

Akapumua, akaikunja ramani, akaiweka chini ya mto badala ya sandukuni. Uji hakuumaliza. Mama Akech wa mlango wa pili ameniuliza nimemfanya nini mzee, kana kwamba mimi ndiye mwenye makosa kila kitu kikiharibika hapa ploti. Nimemwambia ni uzee.

Ni uzee, sivyo?

Nduguyo Injinia,
Mwangangi

*

Ithiani
Jumatatu, 17 Machi 2025

Mwangangi,

Leo usisome barua hii mbele ya wachongaji.

Ile sakafu inalia. Sikutilia maanani mwanzoni. Watoto wanapenda kuruka pamoja katikati, kwa sababu panadunda kama ngoma, na pembeni hapadundi. Wamepatungia mchezo, wanapaita Kwa Ngoma. Kamtoto kangu kadogo kuliko wote, Tiffany, huweka sikio chini, anasema kuna mtu anapumua. Nilimwambia ni upepo. Juzi nikaona ufa karibu na meza yangu, mwembamba kama uzi. Nikaweka kiganja juu yake. Hewa inatoka, Mwangangi. Ya uvuguvugu, ina harufu ya kiberiti.

Na Maingi hatimaye ameteremka kwa kamba kutazama mabaki ya ng'ombe wake. Anasema kule chini si shimo la kusimama, ni njia. Inapitika kwa kuinama, imeegemezwa magogo yaliyooza, ukiyashika yanakuwa unga. Alitembea hatua thelathini, taa ikaanza kufifia, akarudi. Nilimuuliza njia inaelekea wapi. Akasema magharibi.

Kilima kiko mashariki.

Chukua ramani uitazame tena. Kiwanda ndicho kiko magharibi. Nimejiambia labda Maingi alizubaa gizani. Nimejiambia pia kwamba ramani ni ya serikali na Babu alikuwepo. Lakini tangu jana nawafundisha nikiwa nimesimama pembeni, nao nimewapanga pembeni, na katikati nimeweka mawe wasikanyage. Wanayaruka. Shule ya zamani siwezi kuwarudisha juu ya ile njia, na kilimani umesema ndipo penye shimo. Niwapeleke wapi? Nikifunga, chifu anasema wazazi watawaacha watoto wazurure mashambani, na hakuna ajuaye shamba lipi liko salama. Mawingu yameanza kujikusanya upande wa Mutomo. Mvua ikinyesha juu ya ule ufa sijui itakuwaje.

Nimekosea kukukataza. Mwambie Babu. Muulize leo hii.

Wavinya

*

Makongeni
Alhamisi, 20 Machi 2025

Mjukuu wangu Wavinya,

Ninayeandika ni mimi Mama Akech, jirani. Mkono wa mzee unatetemeka, lakini maneno ni yake yote, siongezi langu.

Barua yako imefika leo saa nne. Lori lilikatika ekseli njiani, Qorane ameileta kwa mguu hadi mlangoni, na Mwangangi yuko kazini. Nilipoona mwandiko wako nikamwomba Mama Akech anisomee. Alipofika kwa Tiffany na sikio lake nilimwambia aache, halafu nikamwambia aendelee.

Mdomo wa shimo uko chini ya sakafu ya kiwanda. Ulipoweka meza, hapo ndipo. Njia aliyoiona Maingi ni mkono wake tu, unafika hadi shuleni. Mmewatoa watoto mkononi mkawapeleka mdomoni.

Sikiliza ni kwa nini ramani inasema uongo. Uongo huo ni wangu. Wachimbaji walipokosa makaa, mwenye kiwanda alimwaga simiti juu ya magogo ya shimo ili apate mahali pa kupangia mbao. Baada ya miaka minne alikuwa ameimaliza miti yote ya bondeni, kiwanda kikasimama, akabaki kuitazama mihugu ya Kilima cha Mumo. Pale kileleni ni ithembo, pahali pa kuombea mvua, tangu kabla ya baba wa baba yangu. Wapima ardhi walipofika, wazee waliniita. Walisema kinachoandikwa na mzungu kwenye karatasi, mzungu hurudi kukichukua. Wakanilisha kiapo cha kithitu, kile kinachoua anayekivunja au watu wake: nikionyesha ithembo ilipo, ardhi imle mzao wangu.

Mzungu aliniuliza, yale machimbo ya makaa yako wapi? Aliambiwa yapo, lazima ayaandike. Nikamwonyesha kilima. Nikasema pale juu ardhi imeoza, watu wameanguka, usipande. Aliniamini. Akachora nyundo zake kileleni bila kukanyaga, na mwenye kiwanda akadhani kuna shimo la pili, hakuthubutu kupeleka msumeno. Mihugu ikapona. Nilijiona mwerevu miaka sitini na sita.

Jumapili ile niliona duara, nikauliza kama kuna mtu pale. Niliambiwa mbuzi. Ningeweza kusema hata hivyo. Niliogopa kiapo. Nilifikiri, nikinyamaza, wajukuu wangu watakuwa salama. Sasa nimenyamaza, na ardhi imefungua kinywa chini yako.

Kilimani chini ni mwamba mtupu. Hakuna mahali imara kuliko pale katika Ithiani yote. Mwambie Nthoki ni mimi Matheka nimesema kwa kinywa changu. Wapande.

Wasikimbie. Wasiruke. Watoke mmoja mmoja, kwa miguu mepesi, wakifuata ukingo.

Tumekupigia simu mara kumi na tisa. Kijana ameitwa kutoka karakana, amesimama hapa mlangoni na viatu vya watu wengine miguuni, ndiye atakayeleta barua hii.

Babu yako,
Matheka

*

Ithiani
Jumapili, 23 Machi 2025

Kwa Babu. Na kwa Mama Akech msomaji, ambaye namwomba asome polepole, na akifika pagumu asiruke.

Babu, wako hai. Thelathini na mmoja. Nimewahesabu mara tatu, na Wavinya amewahesabu mara zaidi ya hizo. Naanza na hilo ndipo unywe dawa, halafu Mama Akech aendelee.

Basi lilinifikisha Mwingi usiku, nikakaa kwenye benchi la stendi nimekumbatia barua yako ndani ya shati. Alfajiri nikapata bodaboda. Njia nzima nilikuwa natunga vile nitakavyofika: nitaruka kutoka kwa pikipiki, nitapiga kelele, watu watanifuata. Unanijua. Nilishajiona shujaa.

Tulipofika kwenye mkondo wa mto nikasikia ngoma. Babu, hakukuwa na ngoma. Ilikuwa ni watoto wanaruka.

Nikamwambia wa bodaboda azime injini pale pale. Nikatembea. Nilikuwa nataka kupayuka, lakini nikakumbuka kwamba nikipayuka wote watanikimbilia, na njia ya kunikimbilia inapita katikati. Kwa hivyo mimi, Mwangangi, nilifunga mdomo. Nilifika ukingoni mwa simiti nikasimama nje kwenye nyasi. Wavinya alikuwa ng'ambo, anafuta ubao. Kulikuwa na wanane juu ya yale mawe.

Nikasema, "Dada Wavinya. Habari ya asubuhi."

Basi. Aligeuka, akanitazama, na nikaona uso wake umeelewa. Amenieleza baadaye: eti tangu tuzaliwe sijawahi kumsalimia bila kumchokoza, kwa hivyo alijua kuna kifo.

Hakupiga kelele pia. Aliwaambia, "Leo tutacheza nyoka. Nyoka hana miguu. Kila mtu alale tumbo." Wakalala wakicheka. Nikalala nami kwenye nyasi, nikanyoosha mkono, nikaanza kuwapokea mmoja mmoja kando ya ukingo kama ulivyosema. Simiti ilikuwa na joto chini ya kiganja changu, na jua lilikuwa halijapanda. Kila mmoja akipita ilikuwa inatoa sauti ndogo, kama mtu anayekunja vidole. Kufikia wa ishirini na kitu nilipoteza hesabu. Tiffany alikataa kutoka. Alikuwa ameweka sikio chini, anasema mtu wake ameacha kupumua. Wavinya alimfuata hadi kwenye mawe akitambaa, akamvuta kwa mguu. Kilio cha yule mtoto ndicho sauti tamu kuliko zote nilizosikia mwaka huu.

Meza, ubao, kengele na turubai tuliviacha.

Nikampelekea Susu Nthoki maneno yako. Amezeeka, anaona kwa jicho moja, na hilo moja lilinitosha. Akauliza, "Matheka mwenyewe amesema? Kwa kinywa chake?" Nikamwambia ndiyo, na Mama Akech ni shahidi. Nilimuuliza kuhusu kiapo, kama ardhi itakula mtu wetu. Akasema, "Hilo halijibiwi na mimi. Pale ni pa mvua. Tutaona." Akavua viatu, akaondoa miiba kwa mikono yake, akatangulia kupanda. Watoto wakamfuata, wote wameshika viatu vyao mikononi. Nami pia, na hivi vya kuazima.

Ilinyesha Ijumaa ile ile saa kumi, Babu. Si manyunyu. Tulikuwa kileleni chini ya mihugu, na mwamba hata haukutetemeka. Kule chini tuliona sakafu ya kiwanda ikikaa kimya kama meza, halafu haikuwepo. Sauti ilikuja baadaye. Kengele ya shule ililia mara moja ikishuka, na tuliendelea kungoja ifike chini. Wavinya alinishika mkono mpaka kucha zikaingia. Susu Nthoki alikuwa amekinga viganja, anakunywa mvua.

Sijui kama hilo ni jibu zuri au baya. Mvua imekuja, na ardhi imekula, lakini imekula meza. Usiku bado naamka, naweka sikio sakafuni. Nimemkuta Wavinya akifanya hivyo hivyo, tukajifanya tunatafuta kiberiti.

Watasomea kilimani mpaka ipatikane njia nyingine. Netiweki ipo, kwa hivyo nipigie, ila nimeona haya yanafaa kuandikwa.

Naambatanisha ramani yako, ile uliyonipa nije nayo. Duara langu nimelifuta. Nimechora nyundo mbili kwa kalamu pale kiwandani, zimetoka mbaya lakini ziko mahali pake. Zile za kileleni hazifutiki, Babu, zimepigwa chapa. Sikujaribu sana. Qorane akija Jumanne kutafuta magogo ya kuuza ataiona ile mihugu kwa macho yake na ataniuliza kule juu kuna nini, na ramani itamwambia kuna shimo. Wewe ndiye mwenye ramani, ukitaka asikie vingine utamwambia. Mimi kwa mwezi huu nimesema vya kutosha.

Mjukuu wako,
Mwangangi